Kiuno cha Symphorien

Kapata, tarehe 11 mwezi wa pili, 2024

Yaya Henriette,

Dada yangu mkubwa, karatasi hii inakuja Lubudi kwa mkono wa Dodo wa lori la mahindi. Nimemwambia akupe wewe mwenyewe, si mtoto wala jirani. Usiniulize kwa nini sikutumia simu. Simu yako ni ya nyumba nzima, na mara ya mwisho nilipokuandikia humo binti yako Tina aliwasomea wageni maneno yangu kabla wewe hujayaona.

Nina hasira, kwa hiyo vumilia mwandiko. Jana Symphorien aliingia kwangu. Tumbo lilitangulia mlangoni, mwenyewe akafuata. Kwapani alibeba kitambaa cha bluu nzito, kile ambacho marehemu kaka yake alikuja nacho kutoka Lubumbashi na ambacho hakipatikani tena sokoni. Akakitandaza juu ya mashine yangu bila kuniuliza kama nina nafasi, akasema anataka kostimu, koti na suruali yake, ya kuvaa siku ya kutoa mahari. Nikamuuliza mahari ya nani. Akanijibu kwamba anaoa huko kwenu, Shekina, binti wa mzee Kabamba wa reli. Yaani binti wa kaka wa mume wako, yaya. Na wewe ulikaa kimya.

Najua unaukumbuka wakati ule, lakini nitasema tena maana leo linaniwasha. Alipokuwa mchimbaji, akitoka shimoni suruali imepasuka magoti yote mawili, ni nani alikuwa anashona? Miaka minne mama yake aliniita mkamwana. Halafu akaacha kuchimba, akafungua depo ya kununua mawe ya madini ya wenzake, akapata kiti cha kuzunguka, na juu ya kile kiti akaota tumbo. Kwenye matanga ya mama Mukuna mtu alimuuliza mbele ya watu atanioa lini. Alicheka. «Mi siwezi kuoa cintre,» alisema. «Mwanamuke anapashwa kuwa na mwili.» Cintre, yaya, kile kijiti cha kutundikia nguo kabatini. Nilikuwa nimesimama pale pale na sahani ya bukari mkononi, ugali wa wafiwa. Tangu siku hiyo mtaa mzima wa Kapata unaniita Mama Cintre, hata wateja wangu, hata watoto wanaokuja kununua uzi.

Jana nilimuuliza alipata wapi uso wa kuniletea nguo ya harusi. Akasema: «Tuliachana bila kelele, hapana? Na hapa Kolwezi hakuna mwenye anakata costume kama weye.»

Nilichukua kitambaa. Nikampima pia, kiuno, kifua, mapaja, na nikaandika kila kitu. Tena amesema atakuwa ananiletea nguo zake zote kila Jumamosi, za kushona vifungo na za pasi, kwa sababu mfanyakazi wake anaunguza kola. Nikakubali kwa sauti tamu.

Tumbo lile ndilo bango lake. Wachimbaji wanampelekea mawe kwa sababu wanaona mtu anayekula, na mzee Kabamba bila shaka amempa binti kwa sababu hiyo hiyo. Basi nitamvua lile bango, na atakuwa akinishukuru huku nikimvua.

Mdogo wako,
Louise

*

Lubudi, tarehe 25 mwezi wa pili

Louise,

Dodo amenipa barua yako mkononi kama ulivyotaka, halafu akasimama akingoja chai kana kwamba ameleta mtoto mchanga.

Sikukuambia habari ya mahari kwa sababu nakujua. Ungeacha mashine ikizunguka yenyewe, ukapanda lori uje upige kelele mbele ya nyumba ya shemeji yangu. Na mimi ndiye ninayeishi hapa. Shemeji Kabamba hakuniuliza, alitangaza tu. Symphorien alikuja mara moja mwezi wa kumi na mbili, akakaa kwenye kiti kikubwa, kiti kikalia, na shemeji alifurahi kuliko siku aliyopata pensheni. Mpaka leo akipita kwangu anapiga mikono tumboni kuonyesha mkwe wake alivyo. «Ule ni mutu mwenye kula,» anasema.

Shekina huwa anakuja jikoni kwangu jioni kunisaidia kumenya mihogo. Ni mtoto mzuri, ana miaka ishirini na miwili, na hazungumzi sana. Sitasema zaidi juu yake, kwa sababu mdomo wako hauna kifungo, na wangu niliufunga kwa kiapo.

Ila nakuomba kitu kimoja, na nakuomba kama mkubwa wako wa tumbo moja. Mwache Symphorien na tumbo lake. Mshonee kostimu nzuri, imkae vizuri, aje nayo Lubudi hivyo hivyo alivyo. Usimpunguze hata kidogo. Utanishukuru.

Nitumie mpira wa kiunoni, ule mpana, sketi zangu zote zimelegea.

Henriette

*

Kapata, tarehe 17 mwezi wa tatu

Yaya,

Mpira wako uko ndani ya bahasha. Barua yako nimeisoma mara mbili na bado sioni kwa nini nimwache, kwa hiyo sikumwacha.

Sikiliza kazi inavyokwenda. Jumamosi analeta nguo za wiki. Nafungua mshono wa kiunoni, napunguza upana wa ukucha, narudisha, napiga pasi mpaka alama ya zamani ife. Mashati nayapunguza ubavuni. Wiki inayofuata anarudi ameshika kiuno. «Louise, ii suruali inanikaba.» Mimi nashangaa naye. Nachukua mita, namzungushia, namtajia namba ninayotaka. Hajawahi kusoma mita maishani mwake, tangu zamani ni mimi niliyempimia.

Mwanzoni alifurahi, unamjua, kunenepa kwake ni sifa. Ndipo nikamkunjulia kile kitambaa cha marehemu. Nikamwonyesha kwa vidole: hapa mgongo, hapa mikono, hapa mbele, na kwa kasi hii ya kunenepa mbele haitafunga. Hakuna kitambaa kingine kama hiki. Atavaa koti la rangi mbili mbele ya wakwe, kama bendera. Akaanza kukikunja tena mwenyewe, polepole.

Halafu nikaongeza uongo niliouokota hapo hapo. Nikamwambia wasichana wa siku hizi hawataki wanaume wa tumbo. Wanataka wa sport, wenye shingo kavu na mikono migumu, kama wanaowaona kwenye simu. «Shekina ni mutoto ya leo,» nilisema. «Atasikia haya na barafiki yake.» Uongo mtupu, maana ni nani huku kwetu aliyewahi kumkimbia mume kwa sababu anakula vizuri? Lakini uliingia mpaka ndani.

Sasa anakimbia. Jumapili asubuhi kundi la footing la Kankolongo, yule mwalimu wa zamani wa mazoezi, linapita kwenye barabara ya nyumba za kampuni likiimba na kupiga mikono. Nyuma yao wote, nyuma hata ya akina mama wa kwaya, ni Symphorien, jezi imepanda kitovuni, matope mpaka masikioni, anahema kama pasi yangu ya makaa ninapoimwagia maji. Nilitoa kiti nje nikamtazama akipita na akirudi. Usiku ule nililala vizuri kama sijalala tangu matanga ya mama Mukuna.

Mkanda ndio ulinitia wasiwasi, maana matundu ya mkanda hayasikilizi maneno ya fundi. Nikamwambia mabwana wakubwa wa Lubumbashi wameacha mikanda, wanavaa bretele, zile kamba za mabegani. Nikamshonea mwenyewe jozi mbili. Ametembea nazo soko zima.

Louise

*

Kolwezi, 20 mwezi wa nne

Louise,

Nakutumia nguo kwa Guelord wa pikipiki kwa sababu leo nakimbia mpaka barabara ya lami na kurudi. Suruali ya kijivu bado inanibana. Sielewi. Bia nimeacha. Bukari ya usiku nimeacha. Naruka kamba nyuma ya depo kila asubuhi, wafanyakazi wananichungulia. Kankolongo anasema nimepungua sana, lakini Kankolongo anamsifu kila mtu. Deponi pia wanasema nimekonda, nadhani ni wivu. Wewe peke yako unaniambia ukweli.

Pima tena kitambaa uone kama kitatosha. Mimi sitaacha mazoezi. Sport ni discipline.

Mwamba Symphorien

*

Kapata, tarehe 28 mwezi wa nne

Yaya,

Nimekuwekea ndani barua yake ili ucheke na wewe. «Wewe peke yako unaniambia ukweli.» Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo.

Lile tumbo limekwisha, yaya. Kila anapopungua na mimi napunguza, nguo zinabaki zimembana, na yeye anaamini bado ni yule yule. Akijitazama kwenye kioo anaona anachohisi kiunoni. Watu wanamwona vingine. Mama mmoja wa Kiprotestanti, jirani yake, amempelekea supu na kumwombea. Wachimbaji wameanza kusema depo yake inakufa, tajiri gani anakonda wakati wa biashara? Wiki iliyopita magunia mazima yamepita mbele ya mlango wake yakaenda kwa mnunuzi wa pembeni. Nilikuwa napita na uzi wangu, nikaona kwa macho yangu, nikapunguza mwendo nipate kutazama vizuri.

Unajua ni nini kilichonifurahisha zaidi? Mtu mmoja kwenye bomba la maji alisema: «Symphorien amekuwa mifupa, hata Mama Cintre anamushinda mwili.» Kwa mara ya kwanza lile jina lilinipita bila kuniuma.

Niambie mzee Kabamba amesikia nini huko.

Louise

*

Lubudi, tarehe 12 mwezi wa tano

Louise,

Amesikia yote. Wenye malori wanapita hapa kila siku na hawabebi mahindi tu. Shemeji amepunguza kupiga tumbo, sasa anauliza kila anayetoka Kolwezi kama mkwe wake anakohoa.

Ungefikiri nitacheka na wewe. Sicheki. Nakuambia kwa mara ya pili, na sasa nakuomba nikiwa nimekaa chini: acha. Fungua hizo suruali, mrudishie upana wake, mwambie kitambaa kimetosha. Mpelekee maandazi. Mpikie bukari mwenyewe ikibidi, na mafuta ya mawese, kama zamani. Bado kuna wakati wa kumnenepesha kabla ya mahari ya mwezi wa saba. Namtaka aje hapa na tumbo, lile lile, kubwa kama lilivyokuwa.

Juzi Shekina aliniuliza kama ni kweli Symphorien anakimbia asubuhi. Nikasema sijui. Akamenya muhogo mmoja, akauliza tena anakimbia mpaka wapi. Swali hilo sikulipenda kabisa.

Siwezi kukueleza. Nisikilize tu kwa mara moja katika maisha yako.

Henriette

*

Kapata, tarehe 23 mwezi wa sita

Yaya,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukutukana. Bado nataka, lakini nimepungua makali.

Maandazi? Nimpikie? Nilikaa na barua yako siku nyingi nikitafuta maana yake, mpaka nikakumbuka kwamba siku ya mahari wake wa wajomba na wa baba wadogo wanapewa vitenge. Na wewe ni mke wa baba mdogo wa bibi harusi. Kumbe ndivyo. Symphorien akifukuzwa, kitenge chako kinarudi naye Kolwezi. Mimi nilidhani nina dada Lubudi, kumbe nina mkwe wa Symphorien.

Sasa nikueleze jambo moja ambalo sitamweleza mtu mwingine. Wiki iliyopita alikuja kupimwa koti. Alivua shati nyuma ya pazia, akatoka, na mimi nilikuwa na pini mdomoni. Yaya, sikumtambua. Shingo imetoka. Mabega yamekaa pale yalipokuwa wakati anachimba, hapana, bora kuliko wakati ule, maana shimo lilikuwa linamkunja na mbio zimemnyoosha. Anasimama kama mtu anayejua anakokwenda. Nilimpima kifua nikasahau kuandika namba, nikampima tena, nikasingizia mita imeteleza. Nilijichukia. Miezi yote hii nilimwona kwenye nguo tu, kiuno na mapaja, sikumtazama yeye. Na alikuwa mpole. Alinishukuru, akasema nimemfanya mtu mwingine. Nakuapia, kwa dakika ile ningemsamehe. Nilikuwa tayari kumwambia kila kitu.

Halafu akanitazama toka juu mpaka chini, akacheka kwa urafiki tu. «Louise, weye hautabadilika. Bado cintre.»

Nikatoa pini mdomoni, nikamwambia avae shati lake aende.

Koti nimelishona kwa vipimo vya mwezi wa pili, vya tumbo lote. Suruali pia. Nguo nyingine zote za sanduku la safari nimezifungua, nimezirudishia upana wake wa kwanza. Kostimu nitampelekea asubuhi ya kuondoka, gari likiwa linanguruma, imekunjwa na kufunikwa vizuri. Hatashuku, fundi gani hapa hachelewi? Ataifungua Lubudi. Waone wenyewe, mbele ya mzee Kabamba, ni nani cintre.

Hata kama wewe uko upande wake, utakuwepo pale. Niandikie walivyomfukuza. Usiache kitu.

Louise

*

Lubudi, tarehe 14 mwezi wa saba

Louise,

Kitenge sijakitia mwilini na sitakitia. Kimekunjwa kabatini, nitakupa ukija. Sasa kaa chini usome, sitaacha kitu kama ulivyoagiza.

Walikuja jana kabla ya saa sita, Symphorien, mama yake na wajomba wawili, na gari la vitu: vitenge, magunia, kreti za bia, mbuzi wawili. Alipotoka ndani ya nyumba ya kubadilishia nguo, uwanja mzima uligeuka kumtazama. Kazi yako ni nzuri, lazima niseme. Lile koti lilimning'inia, mabega yameanguka mpaka karibu na kiwiko, na suruali, bretele ziliishika juu lakini chini yake ungeweza kumwingiza mtu wa pili. Alitembea akiishika kwa mkono. Mtoto mmoja alicheka, akapigwa kofi. Nilimsikia mjomba wa Shekina akinong'ona kwamba kostimu ni ya kuazima. Mwingine akasema hapana, ni yake, ila ni ya kabla ya ugonjwa. Mama yake Symphorien alitazama chini muda wote.

Shemeji Kabamba aliwaita ndugu zake nyuma ya nyumba. Mume wangu alikuwemo, ndiye aliyenieleza. Walikubaliana wasipokee kitu. Wangemuuliza binti kwa desturi tu kama vitu viliwe, yaani mahari ipokewe, na shemeji mwenyewe alikwenda dirishani kumwambia Shekina akatae. Unasikia, Louise? Baba mwenyewe. Ulikuwa umeshinda. Symphorien alikaa pale kwenye benchi akitoka jasho, anajua kabisa kinachosemwa nyuma ya nyumba, na kwa kweli nilimwonea huruma.

Ndipo mbuzi mmoja akakata kamba.

Aliruka kreti, akapita katikati ya wazee, akashika njia ya reli. Vijana wawili wa hapa walimfuata mpaka kwenye mti wa kwanza wakachoka. Symphorien alisimama. Alivua lile koti lako akalitupa juu ya benchi, akapandisha mikono ya shati, akaifunga suruali kiunoni kwa kamba iliyobaki ya mbuzi, akaenda. Louise, sijawahi kuona mtu mzima akikimbia vile. Hakukimbia kwa fujo, alikimbia kama maji. Alivuka reli, tukamwona mbali kabisa kwenye shamba la mahindi lililovunwa, mbuzi anapinda na yeye anapinda, mpaka akamshika. Akarudi naye mabegani, anatembea tu, anahema taratibu, shati limemganda mwilini. Wanawake wa hapa walisahau kuwafukuza inzi kwenye vyakula. Nami pia.

Shekina alikuwa dirishani. Aliona yote.

Walimtoa, wakampigisha magoti kwenye mkeka. Mjomba wake akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza haraka: «Shekina, bitu bya huyu bwana, tukule?» Baba yake alikuwa anamtazama sana. Shekina akasema: «Mukule.» Mjomba alidhani hakusikia, akauliza mara ya pili. «Mukule.» Mara ya tatu hakumngoja amalize. Na ukijua desturi yetu, binti akishasema mara tatu mbele ya watu, hakuna mzee wa kulirudisha neno lake. Bia zilifunguliwa.

Sasa kiapo changu kimekwisha kazi, nitakuambia. Tangu mwezi wa kwanza Shekina alikuwa akilia jikoni kwangu. Alisema lile tumbo linamkumbusha baba yake, hawezi kulala nalo kitanda kimoja. Aliapa kwamba siku ya kuulizwa atasema «Musikule» mbele ya Lubudi nzima, na aliniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu baba yake angejua angempeleka Kasaji kwa shangazi mpaka akubali. Symphorien angekataliwa na msichana hadharani, kwa sababu ya mwili wake. Hilo ndilo nililokuwa nakutunzia. Ulikuwa huna la kufanya ila kumshonea nguo na kungoja.

Nilikuambia mwache na tumbo lake.

Jana usiku nilimuuliza Shekina ni nini kimembadilisha. Alicheka akajificha uso. Alisema tangu aliposikia kwamba anakimbia asubuhi alianza kumwaza.

Dada yako, siyo mkwe wa mtu,
Henriette

*

Lubudi, 15 mwezi wa saba

Louise,

Nakuandikia kabla ya kurudi maana moyo umejaa. Wamekubali. Kostimu ilikuwa kubwa sana, watu walinicheka. Usijilaumu. Ni mimi niliyezidisha sport wiki za mwisho baada ya wewe kunipima, hata suruali nyingine zote zimekuwa kubwa kwa ghafla. Mwili ukishakubali, unashuka mara moja, ndivyo Kankolongo alivyosema.

Shekina ameniambia hakunitaka zamani. Ameniambia ni mbio ndizo zilizomleta. Nikakumbuka maneno yako kwamba wasichana wa leo wanapenda mwanaume wa sport. Wewe ndiye uliyenipa mke. Sitasahau.

Harusi ya kanisani ni mwisho wa mwezi wa nane. Nitakuletea kostimu ile ile uipunguze. Na nguo zangu zote nitaendelea kukuletea kila Jumamosi. Kwa sababu nimeanza kuogopa: mtu akioa anapikiwa, anastarehe. Shekina amesema wazi tumbo hataki kuliona. Tumbo likirudi, uniambie mapema. Simwamini mwingine.

Kitu kingine. Nimesikia watu wa Kapata wanakuita Mama Cintre. Sijui ni nani alianza. Si vizuri, uwakataze.

Mwamba Symphorien

*

Kapata, tarehe 1 mwezi wa tisa

Yaya Henriette,

Nisamehe kwa habari ya kitenge. Nilikutukana na ulikuwa na haki. Kivae.

Sikuandika mwezi mzima kwa sababu nilikuwa nalia, na nilipomaliza kulia nilikuwa na kazi. Barua yake unayo nakala, nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Soma mwisho. Hajui ni nani alianza. Miaka yote nimebeba jina lile, na mwenye kunipa amelisahau kama mtu anavyosahau alikotema mate.

Juzi nilikuja harusini huko kwenu bila kubisha kwako, kwa aibu ya kitenge. Nilisimama nyuma ya kanisa, nikawaona wakitoka. Watu walisema wazi wazi, bwana harusi ni mzuri kuliko bibi harusi. Nilimshona mimi, yaya, mshono baada ya mshono tangu mwezi wa pili, na anayemvaa ni Shekina. Nilidhani ile hasira itakwisha siku moja. Sasa najua haitakwisha, basi nimeipa kazi.

Kostimu ile niliipunguza vizuri sana, umeiona mwenyewe ilivyomkaa. Ila kitambaa kilichozidi sikukikata. Kimekunjwa ndani ya mshono, vidole vitatu kila upande, kinangoja. Na jana ilikuwa Jumamosi. Guelord alileta nguo za wiki. Suruali ya kijivu nimeiachia kiunoni upana wa ukucha, nikaipiga pasi mpaka alama ikafa. Jumamosi ijayo nitaachia nyingine. Ataingia ndani ya nguo zake kila asubuhi na zitamkaa bila kumbana, mwaka huu na mwaka ujao. Akija kuniuliza, nitachukua mita, nitamzungushia, nitamwambia hajabadilika hata kidogo. Simwamini mwingine, amesema.

Zawadi yangu ya harusi inakuja kwa Dodo, mpe Shekina mkononi kabla hajahamia huku. Ni sufuria ya bukari, ile kubwa.

Mdogo wako,
Louise